Prezida wa Maji Anasoma Miguu

Prezida wa maji ya mpunga wetu, hapa Kabambare, haangalii sura ya mtu, anaangalia miguu. Sheria yenyewe ni nzuri: asiyekuja salongo, ile kazi ya pamoja ya kuchimba mfereji, hapati zamu ya maji. Ila siku ya salongo yeye hukaa kwake na chai yake. Jioni ndipo anatokea, mikono mgongoni, anainama kama mnunuzi wa mbuzi, anakohoa kidogo, na kila mwenye tope anaambiwa, "Pita." Juzi Ismaël, ambaye hakugusa jembe, alianguka na pikipiki njia ya Salamabila, akafika na tope hadi masikioni. Alipewa maji wa kwanza.

Mama Arlette alikuwa amechimba tangu asubuhi, kisha akanawa ili awahi matanga. Mpunga wake unatoa mashuke, na udongo umeshapasuka.

"Miguu safi hivi, mama? Haukuchimba."

"Nilichimba, Prezida. Uliza hawa batu."

Hakutuuliza. Mama Arlette akashuka mferejini, akapanda na tope hadi magotini. Prezida akaligusa kwa kidole, akanusa.

"Hii ni tope ya huku chini. Salongo ilikuwa kule juu."

Mama Arlette akainama, akang'oa gogo la mgomba lililoziba njia ya maji ya shamba lake. Maji yakaingia.

"Munamuangalia tu?" Prezida akatugeukia.

Tukamwangalia tu, wote, mpaka jaruba lake la mwisho likajaa.