Elfu Mia Tatu na Tisa

Kofi la Mwalimu Masanja lilinikuta nikiwa bado nimeshika chaki. Nilisikia kama karatasi inachanika ndani ya kichwa, kisha mlio mwembamba, zii, kama mbu amenasa sikioni. Majimaji ya moto yakanishuka shingoni mpaka kwenye kola. Nilikuwa darasa la sita, shule ya Isevya, na mlio ule nimezeeka nao.

Kosa langu lilikuwa namba. Siku hiyo mkaguzi alikuwa amekaa nyuma ya darasa, magoti yamebanwa na dawati letu dogo, na Mwalimu Masanja alitaka kumwonyesha kwamba tunazijua namba kubwa. Akaniita ubaoni. "Binti Saidi, andika elfu mia tatu na tisa. Inagawanyika kwa mbili?" Nikaandika 300,009. Nikasema haigawanyiki, imeishia na tisa. Ila kwa tatu inagawanyika, maana tarakimu zake ukizijumlisha unapata kumi na mbili. "Mjinga wewe! Elfu ni mia tatu na tisa! 309,000! Sifuri ya mwisho huioni?" Wewe unayesoma, hebu itamke mwenyewe. Maneno ni yale yale, namba ni mbili. Kwa tatu zote zinakubali, tarakimu zao ni zile zile. Kwa mbili moja inagoma. Nyumbani kwetu, watu wa mjini tangu enzi za misafara, tungesema laki tatu na elfu tisa, yakaisha. Lakini Masanja alikuwa amelipiga marufuku neno laki, eti Kiswahili cha sokoni. Nikamwambia, "Mwalimu, ungesema laki tusingepotea." Mkaguzi akacheka. Hamisi, mtundu wa darasa, akadakia, "Mwalimu kapotea njia!" Darasa zima likaangua kicheko. Hamisi hakuguswa. Nilipigwa mimi.

Mama alinipeleka kwa mwalimu mkuu, Bi Zuhura, usaha unanitoka sikioni. "Mwanao ana mdomo," akamjibu, "kamlee kwanza." Nikalala na homa wiki nyingi. Niliporudi, jina langu lilikuwa limekatwa kwenye daftari la mahudhurio kwa wino mwekundu, pembeni wameandika: mtoro. Saini mbili, ya Bi Zuhura na ya Masanja. Shule yangu ikaishia hapo.

Leo nashona nguo Kanyenye. Bodaboda ikija kwa kushoto siisikii, mjukuu ndiye anayenivuta. Kwao shuleni wanaambiwa mtoto aulize asipoelewa, na akiuliza wanampigia makofi ya pongezi. Namshukuru Mungu kwa hilo, na roho inaniuma. Bi Zuhura alishakufa, kaondoka na jibu lake. Masanja yupo, anakula pensheni. Juzi tumepishana. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, binti Saidi! Hujambo, mwanangu?" Kumbe jina langu analo! Basi na lile daftari analikumbuka. Mwalimu Masanja, ulijua nimelala na homa uliyonipa wewe, ukatia saini kwamba nimetoroka. Kwa nini? Kibanda changu unakijua. Njoo ujibu, wanangu wakiwa wamekaa wanasikiliza.