Ufagio Niliokwenda Nao Kwenye Gofu

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Aliyelala kifudifudi na aamke. Najua mnapita pale kiwanja cha gofu mkisema huo ni mchezo wa wakubwa wenye vitambi. Bibi yenu aliucheza, tena kwa kujidai, na milima yote ya Uluguru ikimtazama. Shule sikusoma sana, nilitolewa mapema kwenda kulea wadogo zangu. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na atakayezicheka herufi zangu aje anichekee mbele ya macho yangu.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Kabla yake sabuni ilikuwa ya foleni, halafu ghafla kila kitu ruksa: mitumba ruksa, kaseti ruksa, kukaanga maandazi mbele ya nyumba yako ukauza, ruksa. Mji mzima ulikuwa kama mtoto aliyefunguliwa mgongoni, anakimbia hajui anakwenda wapi. Mimi nilikuwa na kibarua pale kiwanjani. Nilikuwa mfagiaji.

Sikilizeni niwaeleze, maana nyie mmekuta mengine. Kiwanja chetu wakati ule hakikuwa na majani kuzunguka mashimo. Kilikuwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, upepo usiupeperushe wala mvua isiuchukue. Mchezaji akifikisha mpira wake hapo, kabla hajaugonga uingie shimoni, lazima njia ifagiliwe kutoka kwenye mpira mpaka kwenye shimo, kwa sababu nyayo za waliotangulia zimeacha makorongo. Njia hiyo nilikuwa naifagia mimi, kwa ufagio wa chelewa nilioufunga kwa mikono yangu. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hata meneja.

Mke wa mwenye duka la vitambaa, Mhindi aliyezaliwa papa hapa Morogoro, alikuwa anacheza kila Jumapili na rafiki yake. Rafiki huyo akahamia Dar na mumewe, fimbo zake akaziacha. Na mashindano ya kina mama yalikuwa yanakaribia, kule kwenye shamba la miwa mbele ya Dumila, na sharti lake ni kucheza wawili wawili. Mama wa duka alikuwa hajawahi kucheza nje ya mji huu. Akawa anazunguka kiwanjani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mama," akaniita siku moja nikiwa nimeinama, "majani ya kule nyuma ni wewe unayafyeka?"

"Ni mimi."

"Basi hebu shika hii fimbo."

"Nimfyeke nani?"

"Fyeka huo mpira."

Nikaufyeka. Sasa nyie mnaotaka kucheza vizuri, siri ni hii na siuzi: fyekeo halirushwi kwa hasira. Unaliacha lizunguke kwa uzito wake lenyewe, kiuno kinafuata, na miguu inasimama kama ya mtu anayelima mteremkoni Kinole, ambako ukisimama vibaya unajikuta shambani kwa jirani wa chini. Ule mpira ulipaa. Ulipaa jamani! Ukapita miti, ukawa mdogo kama punje ya mtama, ukanyamaza huko juu, ndipo ukakumbuka kushuka. Nikasikia mtu anapiga vigelegele. Nikageuka kwa ukali nimtafute huyo asiye na adabu kazini, kumbe ni mimi. Mama wa duka akanikabidhi fimbo za rafiki yake, akasema mwenzake wa mashindano amepatikana.

Toka siku hiyo nikawa mgonjwa wa gofu. Nikisonga ugali, mwiko naushika kigofu. Sokoni kwenye mitumba nikakuta viatu vya meno chini, muuzaji mwenyewe hajui ni vya nini, anasema labda vya kupandia minazi. Nikavivaa palepale. Babu yenu aliuliza neno moja tu: "Chakula?" Nikamwambia kipo, akaridhika.

Lakini habari zilipanda mlimani, na mjomba wangu akashuka kutoka Kinole na kikapu cha machungwa na pilipili manga. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na neno la mjomba likitoka halirudi. Mjomba akisema hapana, hata babu yenu angekubali mara mia, ni hapana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia unapiga yai kwa fimbo mbele za watu."

"Ni mpira, mjomba."

"Uwe mpira, uwe yai. Na viatu vya meno unavaa?"

"Navaa."

Akamenya chungwa zima, kisha akasema, "Nenda huko kwenye miwa. Sitaki useme nilikufunga kamba. Lakini sikubali uende ugenini kuuaibisha ukoo. Ukishindwa, fimbo naipandisha Kinole, nitaangulia machungwa, na wewe usiiguse tena maisha yako."

Ukishindwa. Ndivyo alivyosema, na mimi ndivyo nilivyolishika. Na fimbo ile sasa nilikuwa naipenda kuliko kitenge kipya.

Tukaondoka na pikapu ya duka asubuhi, mimi nyuma, ufagio wangu nimeusimamisha kama bendera.

"Ufagio wa nini tena?" mama wa duka akaniuliza.

"Mkulima anakwenda shamba bila jembe?"

Dumila wachuuzi wakatuvamia. Mwenye vitunguu mmoja akaniangalia juu mpaka chini, akapaza sauti: "Mama, pole! Yaani mumeo amekufukuza akakupa ufagio tu?" Watu wakacheka, nami nikamwambia kama ana mama amwulize adabu inauzwaje. Lakini nikanunua vitunguu vyake.

Kule kwenye miwa, wanangu, nilishuka garini nikazunguka kutazama. Nchi tambarare kama mkeka, mfereji wa maji unapita katikati, miwa imesimama pande zote kama watazamaji. Na kuzunguka shimo, majani! Mafupi, laini, ya kijani, unatamani uvue viatu ulale. Tulipangiwa kushindana na nesi wa zahanati ya shamba na mwalimu wa chekechea. Mwalimu alikuwa mtu wa kimya. Nesi alikuwa Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Mluguru ni mtani.

"Lo, Mluguru!" akapiga makofi. "Nani kakushusha mlimani? Huku kwenye tambarare hampatwi na kizunguzungu?"

"Mtani, mpagazi wewe, mzigo wako umeuweka wapi?" nikamjibu. "Au leo umebeba mdomo tu?"

Tukakumbatiana kwa kicheko, mchezo ukaanza. Kila wawili wana mpira wao mmoja, wanaupiga kwa zamu, na wanaouingiza kwa mapigo machache ndio wenye shimo. Shimo la kwanza tukafika vizuri sana. Mimi nikaingia na ufagio wangu kwenye yale majani yenye umande, nikafagia njia. Nikafagia barabara, umande unaruka, majani yanalala.

"Mama! Mama we!" msimamizi akaja mbio. "Unafanya nini?"

"Si nafagia njia."

"Majani hayafagiliwi! Hilo shimo mmelipoteza!"

Mtani wangu alikaa chini. Alicheka mpaka kofia ikamtoka, halafu akainuka akaninyang'anya ufagio. "Huu sasa wangu," akasema. "Ukajifagilie kwenu na mkono." Na nyie mnajua, mtani akichukua kitu chako huwezi kununa. Ukinuna, aibu ni yako.

Basi tukacheza. Nyumbani tumezoea kwamba mpira unaukimbia mlima, kwa hiyo unalenga kidogo upande wa mlima. Kule nikawa nageuka geuka kuutafuta, mpaka mama wa duka akaniambia, "Dada, mlima tumeuacha nyumbani. Lenga shimo!" Mpira mmoja ukaingia mferejini, ukaelea, tukaufuata mbio wote wanne kama watoto wanaofuata kandambili. Tukatafuna miwa kati ya shimo na shimo. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma, halafu namkumbuka mjomba na chungwa lake, naikamata fimbo vizuri. Tulipofika shimo la tisa, la mwisho, walikuwa wametuzidi shimo moja. Tukilikosa hilo, fimbo inapanda Kinole.

Nikasikia harufu kabla sijaona. Oili! Shamba lilikuwa limepata mabwana wapya, wakaanza kupanda majani, yakaishia shimo la nane. La tisa bado lilikuwa mchanga mweusi kama wetu, umechakazwa na nyayo. Mapigo yalikuwa sawa; mwalimu, bila kungoja njia ifagiliwe, akaupiga mpira wao, ukagonga unyayo, ukapotea pembeni kama mlevi. Kisha ikawa zamu yangu, na kutoka kwenye mpira mpaka shimoni ni kama kutoka jikoni mpaka banda la kuku.

"Msimamizi," nikauliza, "na mchanga nao haufagiliwi?"

"Mchanga ruksa."

Nikamgeukia mtani. Ufagio ameuweka begani kama bunduki.

"Mtani, nipe ufagio wangu."

"Ufagio wa nani?"

"Mtani!"

"Sema, Wanyamwezi wanajua gofu kuliko Waluguru. Sema kwa nguvu wakusikie wakata miwa."

Mama wa duka akaniangalia. Nikapaza sauti: "Wanyamwezi wanajua gofu kuliko Waluguru!" Kutoka ndani ya miwa mtu akaitikia, "Kweli kabisa mama!" Mtani akanipa ufagio bila kusita, hapo hapo, ingawa alijua unaweza kumgharimu.

Nikafagia njia ikawa kama kioo. Nikaugonga mpira. Ukaenda taratibu, ukafika mdomoni mwa shimo, ukafikiri, ukatumbukia. Shimo letu! Sare! Tukarukiana wote, mtani akateleza, akanivuta, tukaanguka kwenye oili na magauni yetu.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Mafiga, mjomba alikuwa ananisubiri kibarazani. Akaniona nimekuwa mweusi kama sufuria.

"Umeshindwa?"

"Sijashindwa, mjomba."

"Ina maana umeshinda?"

"Hilo hukuliweka kwenye masharti."

Akanitazama. Akautazama ufagio. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Lete hiyo fimbo," akasema. Akashuka uani, akazungusha, akaukosa mpira, akang'oa tuta langu zima la mchicha. "Ruksa," akasema. "Cheza."

Nimecheza. Nimecheza kwenye mashamba ya chai Mufindi, ukungu mpaka humuoni mwenzako, na Dar ambako upepo unakurudishia mpira wako mwenyewe. Kila kiwanja nilikwenda kama bibi harusi. Lakini nirudi nyuma: wiki ile ile ya mashindano ya kwenye miwa, mtani aliniletea salamu kwamba anakuja kucheza kwetu, kwenye mchanga, na kwamba ufagio nimtayarishie kabisa. Nikawaita watu wote wa nyumba yangu, na babu yenu miongoni mwao, nikawaambia: "Mtani wangu akija, mchinjieni jogoo, na mpeni kitanda changu alale. Lakini ufagio uficheni uvunguni, na atakayeuonyesha atafyeka uwanja mzima peke yake."