Paka wa Watu

Kila alfajiri, kabla hajaamkiana na mtu, Justa alichukua kigae cha mtungi akakigonga kwa kijiti, ko ko ko, kisha akasimama mlangoni kungoja. Paka walikuja kila mmoja na upande wake, mikia juu. Aliwaita kwa majina ya wenyewe: wa kina Pantaleo, wa kina Stefania, wa Digna. Majina mengine hakuwapa. Aliwagawia vichwa vya kambale walionaswa kwenye mgono wake usiku, na asiyetokea akamfuata hukohuko aliko.

Walikuwa paka wa watu. Dawa ya maji ilipoingia bondeni, wanaume waliinywa wakaenda kulipiga boma la Mjerumani huko Mahenge, na habari mbaya zikarudi kabla yao. Askari wa Mjerumani wanakuja, wanachoma nyumba na maghala. Kijiji kizima, si mbali na Ifakara, kikahamia kwenye matete ya mto Kilombero. Matetani hujifichi na paka. Mtoto mchanga utamziba kinywa kwa titi. Paka utamziba kwa nini?

Justa hakwenda. Mumewe, Fulgensi, alikuwa huko Mahenge na wenzake, naye hakutaka arudi akute mlango hauna mtu. Basi waliokimbia wakamwachia yeye paka zao. Wa mwisho kupita alikuwa Digna, jirani yake na shoga yake tangu usichana, na kikapuni alikuwa na jike mweusi mwenye doa jeupe kooni.

“Nitunzie mpaka nirudi,” Digna alisema. “Na usimsugue majivu, dada. Akipasahau kwangu, mimi nitarudi kwa nani?”

Kwa desturi yao, paka anayehama hubebwa kwenye kikapu kilichofunikwa asione njia, na akifika husuguliwa nyayo kwa majivu ya jiko jipya. Tangu hapo ni wa jiko hilo, hatoroki. Asiyesuguliwa ni mgeni, na mgeni macho yake yako njiani.

Hapo ndipo Justa alipokosa raha. Jua likishuka tu, paka walitawanyika kila mmoja kwao, kwenye nyumba tupu, naye akatoka nyuma yao na kikapu. Askari walipita, wakachoma zile zilizokuwa wazi. Ya Justa, yenye mtu na jiko linalofuka, waliipekua tu wakaondoka na mahindi na kuku. Baada ya hapo paka wakawa wanalala juu ya majivu ya nyumba zao, na Justa akawa anawaokota humo, miguu myeusi hadi magotini. Akiketi kula, alisikia mlio, akainuka. Akilala, aliota amemsahau mmoja. Wapita njia walimwambia: wasugue majivu yako, mama, upumzike.

Hakuthubutu. Masharti ya dawa alikuwa ameyasikia kama wengine: wakati wa vita usichukue kitu cha mtu, ukichukua maji hayatamkinga mtu wako. Kumlisha paka wa jirani ni kutunza. Kumsugua majivu ni kumfanya wako. Aliona kwamba nyayo za paka mmoja zikigusa majivu yake, risasi itamjua Fulgensi.

Risasi ilimjua vilevile. Aliyeleta habari alikuwa amemzika kwa mikono yake. Siku hiyo Justa alikaa chini mpaka jua likashuka, kisha akachukua kikapu akatoka kutafuta paka.

Watu wakaanza kurudi, wachache, wamekonda, wanakula mizizi ya porini. Paka waliwatambua wenyewe, wakawakimbilia. Wengine walimshukuru Justa, wengine walimwita mke wa nyau, wakasema paka zake wamenenepa kwa kambale kuliko watoto wa watu. Digna hakurudi. Mtu mmoja alisema ameona mwanamke kama yeye akipanda mto kuelekea Mchombe. Mwingine akasema huko kumejaa makaburi.

Mvua zilipokaribia, boma lilimpa jumbe mpya, Eustaki, mbegu ya mpunga ya kijiji kizima, akaiweka nyumbani kwake. Panya wakaijua njia. Eustaki akaja kumwomba yule jike mweusi, kwa kuwa hakuna aliyekamata kama yeye. Justa aliwaza shamba bila mbegu ni nini, akakubali kumwazima, ila asisuguliwe majivu. Jumbe akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi iliyofuata Justa aligonga kigae, ko ko ko. Jike hakuja. Akaenda kwa jumbe, akamkuta amejikunja kando ya jiko, nyayo za kijivu.

“Jumbe, tulikubaliana.”

“Dada Justa, Digna keshaliwa na fisi huko. Paka ni wa anayemlisha.”

“Basi angekuwa wangu zamani. Mimi ndiye niliyemlisha.”

Waliokuwepo wakacheka. Lakini bibi Brigita, aliyepoteza wana kule Mahenge, hakucheka. “Leo anajua amana,” alisema. “Siku zile si ndiye aliyekuwa akiingia nyumba za watu na kikapu? Wanaume wetu wakafa na maji mwilini.”

Kicheko kikakatika. Wakamtazama Justa kama watu waliolitafuta jambo kwa muda mrefu na sasa wamelipata.

“Shikamoo, bibi,” Justa alisema polepole, maana alikuwa hajamwamkia. “Wangu naye alikuwa na maji hayohayo.”

Brigita hakuitikia.

Justa akarudi kwake. Alikuwa na dume wake mwenyewe, aliyezaliwa jikoni pake. Akamleta, akamweka miguuni kwa jumbe. “Huyu ni wangu. Msugue upendavyo, mbegu zisiliwe.” Kisha akamwinua jike wa Digna, na hapana aliyemzuia.

Alishuka mtoni. Akamwosha nyayo, mguu baada ya mguu, paka akimparua mikono mpaka damu, naye hakumwachia mpaka majivu yote yakaenda na maji. Akamtia kikapuni, akamfunga kwa kamba kifuani ili asiruke. Kifuniko alikitupa matetani. Huyu alitakiwa aione njia yote.

Akashika ukingo, akaelekea juu ya mto, upande wa Mchombe, na hakugeuka hata pale aliposikia harufu ya moshi wa jiko lake mwenyewe.

Alfajiri jirani walisubiri kusikia kigae. Dume wa Justa alikuja akasimama mlangoni pake, mkia juu, nyayo za kijivu.