Waya wa Gitega Uliofukiwa

Kilichonitoa nyumbani Ngara ni mdomo wangu. Kwenye kikao cha zahanati nilisimama nikasema waya unaotoka jenereta ya mashine ya kusaga hadi wodi ya wazazi ufukiwe, maana kila mvua ikinyesha waya wa juu hukatika na mkunga huzalisha akiwa na tochi mdomoni. Mwenyekiti akauliza nimeuona wapi waya wa kufukia. Mimi, ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ni kwenda msikitini, nikajibu: Kigali, kwa shemeji.

"Basi nenda ukautazame," akasema.

Rusumo, mpakani mwa Rwanda, saa nne asubuhi. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, wakati wa vita kule, vizuizi kila mahali. Askari alifungua mfuko wangu, akakuta mto wangu wa kulalia, akanipitisha kwa huruma.

Jioni nikafika Kigali, mtaa wa Nyamirambo. Dada alinipokea kwa chai ya maziwa. Mumewe Hamisi, fundi wa umeme, akasema nimekuja na bahati: kule Gitega, mtaa wa jirani, waya wa chini umezima siku ya nne leo.

Asubuhi tulikuta mashimo sita na mafundi hoi. Walipoufukia walipanga matofali juu yake, ili mchimbaji akiyakuta asimamishe jembe. Wenyeji waliyakuta, wakamshukuru Mungu, wakajengea jiko. Ramani nayo ilisema hatua kumi kutoka mti wa parachichi. Nikauliza mti uko wapi. Bibi mwenye jiko akanionyesha kuni zake.

Saa saba mvua ikaangusha waya wa juu kule Nyamirambo. Hamisi akapanda nguzo. Saa tisa taa zilikuwa zimerudi. Gitega walikuwa kwenye shimo la saba.

"Shemeji," Hamisi akaniambia, "waya ya juu inaanguka kila mara, lakini unaiona. Ya chini iko kama wewe wa kukaa ndani: upepo haiwezi kuisumbua, ila siku ikiugua, nani atajua inaumwa wapi?"

Nilirudi Ngara nikakiri kikaoni kwamba nilikosea. Tukasimamisha nguzo imara, tukapunguza matawi. Mvua kubwa ya kwanza iliukata waya mchana. Mkunga aliuona akiwa mlangoni, jenereta ikazimwa, fundi wetu akauunga, na jioni mtoto akazaliwa chini ya taa.

Mkunga alinishukuru mimi. Shukrani zile nazituma Nyamirambo kwa shemeji, na Gitega kwa yule bibi aliyenionyesha kuni.