Tamale Zilizokataa Kuiva

Jumamosi asubuhi, jikoni kwa Herminia Tijerina, upande wa magharibi wa San Antonio, wanawake watano wamezunguka meza. Wanapaka unga wa mahindi uliokandwa laini juu ya maganda yake, wanatia nyama ya pilipili, wanakunja, wanapanga kwenye sufuria kubwa ya mvuke. Midomo nayo haijalala. Leo ni zamu ya padri mpya na nywele zake za kupaka rangi.

Herminia, mwenye miaka sitini na minane, anauza tamale hizi dola ishirini kwa dazeni. Desemba haonekani kanisani. "Padri ananielewa," anasema. "Dazeni yake hutoka ya kwanza."

Watu wa huku wanajua kwamba tamale zikikataa kuiva, jikoni kuna mwenye hasira, na hazitaiva mpaka aiseme. Lakini wanajua pia, bila kufundishwa, kwamba ya mume hayavuki mlango.

Kwa miaka mingi Herminia hakuyavusha. Mumewe, Baldomero, alikuwa akimpiga. Mama yake mzazi alimwambia avumilie, asiwaaibishe. Majirani waliposikia, waliongeza sauti ya redio.

Ikafika Krismasi moja, jikoni kwa mama mkwe wake, Doña Refugio. Sufuria ilikaa juu ya jiko hadi mchana, tamale mbichi. Wanawake wakaanza kutaniana nani kanuna. Mmoja akakiri kwamba shoga yake hajamrudishia sahani tangu Pasaka. Wakafunua tena: mbichi vilevile. Doña Refugio akamgeukia mkwewe.

"Herminia, mwanangu, watu wana njaa. Sema."

"Ni mimi," Herminia akasema. "Baldomero ananipiga."

Kila mtu akainamia unga wake. Doña Refugio akajifuta mikono, akaenda uani walikokuwa wanaume na bia zao, akamwambia mwanawe achukue koti lake aende. Herminia na mabinti zake wakabaki kwa bibi huyo, hadi mabinti walipoolewa.

"Ninapokunja tamale huwa namwambia asante, mama," anasema Herminia. "Hata kwa zile zinazopasuka."

La ajabu zaidi alilijua baadaye, mama mkwe akiwa mgonjwa kitandani. Bibi huyo alimvuta karibu, akacheka mpaka akakohoa.

"We mjinga, gesi niliizima mimi. Ningekuuliza waziwazi, ungesema umeanguka bafuni."

Haya Herminia anayasimulia nje, barazani. Amekubali yaandikwe kwa Kiswahili kwa kuwa jikoni kwake hakuna anayekisoma. Ana sababu. Kati ya wale watano yumo mke wa mpwa wake, tumwite Leticia, aliyevaa mikono mirefu jikoni penye joto la tanuri, na utani wa padri haukumchekesha. Wiki iliyopita alisema amegonga kabati.

"Kabati gani hilo lenye vidole?" anauliza Herminia. "Chumba cha nyuma nimeshakitandika. Cha mtoto wake pia. Kilichobaki ni yeye kutamka."

Anaingia ndani. Anapita karibu na jiko kama mtu anayetafuta kitambaa, na mkono wake unagusa swichi ya gesi, kidogo tu.

"Doña Herminia, hizi zitaiva saa ngapi?" anauliza mmoja.

Herminia anavuta kiti, anakaa bega kwa bega na Leticia, anachukua ganda.

"Zitaiva tu," anasema. "Mimi leo sina haraka."