Kofia ya Bwana Fundi

Mgodini kwetu Geita, miaka ile ya thelathini, kengele hatukuijali. Tuliamini kofia. Mhandisi wetu wa Kizungu, tuliyemwita Bwana Fundi, alishuka kila asubuhi kabla yetu, akagongagonga dari ya mwamba kwa mtaimbo na kutega sikio. Mwamba mzima hulia kama chuma. Uliolegea hutoa mlio mzito wa kufa. Akiridhika, alipanda na kuitundika kofia yake kwenye nguzo ya mlangoni, imejaa tope. Hapo ndipo nasi tuliposhuka. Desturi hiyo aliianzisha mwenyewe, na nilimpenda kwa ajili yake, sioni haya kusema.

Kisha wakampa umeneja. Sisi wajinga tukafurahi, tukacheza ngoma kambini mpaka vumbi likatimka.

Masika yale mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi tuliikuta kofia nguzoni, mimi na mdogo wangu tukashuka bila kuuliza. Kabla ya adhuhuri dari iliporomoka, ikamponda mdogo wangu mguu. Tulipokwisha kumtoa nje niliitazama ile kofia. Ilikuwa safi, haina hata chembe ya tope. Tarishi wa ofisini akakiri kwamba alitumwa aje kuitundika, kwa sababu bwana alikuwa na wageni.

Damu ilinichemka. Angekuwa hajui kitu kuhusu mwamba, ningemsamehe. Alijua kuliko sisi sote.

Mdogo wangu alikatwa mguu hospitali ya misheni. Siku moja meneja akaja kumwona, mgonjwa akiwa bado amepandwa na homa.

"Mwangaluka," alitusalimu kwa Kisukuma chake cha kuungaunga. Nikaitikia kwa shingo upande.

"Wale wageni ndio wenye mgodi," alisema. "Ningesimamisha kazi mpaka nishuke kuugonga mwamba, wangesema fundi hawezi kuongoza."

"Kwa hiyo ukatupima mizanini, bwana," nikamwambia. "Wao huku, sisi huku."

Alivua kofia, akajifuta jasho, na kwa mazoea akaitundika kwenye msumari ukutani, juu ya kitanda. Mdogo wangu alipoiona akanishika mkono kwa nguvu.

"Kaka, itoe hiyo," alisema. "Itoe upesi, watu watashuka."