Ng'ombe Aliyepita Kinywani mwa Mbuzi

Sisi tuliokulia kijijini Kansay enzi za redio za betri nene hatukununua vitu vya kuchezea. Tulifinyanga. Mvua ikishanyesha tulishuka korongoni kuchota udongo, na kufikia jioni kila mtoto alikuwa na boma lake: ng'ombe, kondoo, na punda mwenye masikio marefu kuliko miguu. Tuliwachoma kwenye majivu ya moto jikoni, na mama zetu walisonga ugali huku wakichunga wasikanyage mifugo yetu.

Mwaka mmoja katekista wetu, mzee mpole wa koti la kijivu, alitangaza kwamba pango la Noeli litapambwa kwa wanyama wa watoto. Kila mmoja afinyange mnyama wake, ampake rangi, na siku ya Noeli ambebe mwenyewe kwa maandamano hadi mbele ya altare. Kisha akanitazama. Wiki mbili kabla alikuwa amenitoa kwaya kwa sababu ya kucheka katikati ya sala, nami nikangoja kusikia kama nimo.

"Tere," akasema, "wewe lete ng'ombe. Akiwa safi, bila alama za vidole, utaandamana na wenzako."

Nilikimbia njia nzima hadi nyumbani. Rangi tulipewa mabaki ya ile iliyopakwa milango ya shule, rangi ya mafuta, nyeupe na nyeusi. Brashi niliifunga kwa manyoya ya mkia wa beberu wetu aliyeitwa Ndevu, ambaye sikumwomba ruhusa. Tatizo likawa ng'ombe mwenyewe. Alikuwa mdogo kama kidole gumba, na rangi ile ilikawia kukauka. Nikimshika mgongo nipake tumbo, mgongo unaharibika. Nikimshika tumbo nirekebishe mgongo, tumbo nalo limekwisha. Rafiki yangu Paskalina, ambaye kondoo wake alikuwa tayari anang'aa dirishani kwao, alikuja kukagua.

"Huyo ana ukurutu," akasema. "Usimsogeze kwa Mtoto Yesu, atamwambukiza."

Tulicheka hadi tukakaa chini, lakini alipoondoka nilikaribia kulia. Ndipo nikaliona gunzi kavu la mahindi karibu na mguu wangu. Nililikata ncha likawa bapa, nikalidondoshea nta ya kipande cha mshumaa, na kabla nta haijaganda nikamsimamisha ng'ombe juu yake. Akashika. Sasa nilishika gunzi tu, na ng'ombe akawa hewani kama mfalme. Nilimzungusha, nikampaka tumbo, mgongo, hadi chini ya mkia, pasipo kidole kumgusa. Niliruka uani nikiwa nimemwinua juu kama askofu na fimbo yake, nikaimba nyimbo zote za kwaya iliyonifukuza. Halafu nikamweka juu ya rundo la kuni akauke.

Mtaniuliza nilikosea wapi. Kazi yangu ya kila jioni pale nyumbani ilikuwa kuwatupia mbuzi magunzi. Nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe kwamba gunzi ni chakula.

Niliporudi kutoka kisimani Ndevu alikuwa anaondoka taratibu, gunzi mdomoni, ng'ombe wangu mweupe amechomoza pembeni. Nadhani alikuwa ananidai mkia wake. Nilimkimbiza shamba zima la mbaazi, naye hakuacha kutafuna hata akikata kona. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Tere," akaniuliza kwa utulivu kabisa, "huyo mbuzi anazaa kwa mdomo?"

Tulimkamata kwenye ua wa katani. Gunzi lilikuwa limebaki nusu. Ng'ombe alitoka na pembe moja, rangi na mate vimechanganyika. Ilikuwa mkesha wa Noeli, jua bado lipo, na Mama, aliyekuwa akifuta machozi ya kicheko, ndiye aliyenipa betri kuukuu ya redio. "Hii mbuzi hawezi kuila," akasema. Ilikuwa nzito, ilisimama yenyewe, na ilinikaa kiganjani vizuri kuliko hata gunzi. Nikamgandisha kwa nta, nikampaka upya, nikamwanika juu ya bati.

Asubuhi alikuwa safi, hana hata alama moja. Ila rangi ilikuwa imetiririka miguuni na kukauka, na ng'ombe hakutaka kuachana na betri. Nilipovuta, mguu ulilia kama unaokatika. Nikaogopa. Nikaenda naye hivyo hivyo.

Kwenye maandamano Paskalina alikuwa nyuma yangu, na nilisikia pumzi yake ikihangaika kuzuia kicheko. Niliuma midomo, kwa maana nikicheka tena ndiyo basi. Nilipomweka pangoni, ng'ombe wangu wa pembe moja alisimama juu ya betri akimzidi Mtakatifu Yosefu kwa urefu. Katekista aliinama, akatazama tumbo, akatazama mgongo, kisha akachuma majani yaliyopamba pango akaizungushia betri polepole.

"Mwacheni," akawaambia watu. "Huyu wa kwetu amekuja na kilima chake."

Na yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka.

Siku hizi mjukuu wangu Joshua anapaka rangi vinyago vidogo vya simba na vifaru, watalii wananunua pale Karatu mjini. Juzi nilimkuta amekaa mikono mitupu. Nikamuuliza kulikoni. "Nangoja kishikio cha kusimamishia vinyago, Bibi, nimekiagiza kwa simu, siku ya tisa hii hakijafika." Nikaenda nyuma ya nyumba, nikamletea gunzi na mshumaa. Alilishika kwa vidole viwili kama daktari anayeshika panya. Lakini jioni simba wake wote walikuwa tayari, na aliniomba magunzi mengine.

Namshukuru Mungu kwa kunipa uhai nikayaona yote mawili. Simba wa Joshua wanapanda ndege, wanakwenda kukaa katika nyumba ambazo yeye hatazijua kamwe. Ng'ombe wangu alisafiri kutoka jikoni kwa Mama hadi altareni, akipitia kinywani mwa mbuzi, na kila aliyemwona alijua ni wa Tere.